Sauti za herufi kwa kugusa na kufuatisha: nina darasa la awali la watoto 74, naanzaje?

MwalimuAwali_Mufindi

Kamwene jamani, habari za kazi.

Nafundisha darasa la awali huku Mufindi, upande wa mashamba ya chai. Watoto ni 74, mwalimu ni mimi peke yangu. Kiwango kinachotajwa ni mwalimu mmoja kwa watoto 25, kwa hiyo mnaweza kupata picha.

Wengi wanakuja wakiwa wameshafundishwa nyumbani kuimba herufi, a, be, che, de, mpaka mwisho, tena kwa sauti nzuri. Lakini nikiandika herufi moja tu ubaoni, wananitazama. Na yule anayeitambua anaitaja kwa jina. Nikiandika "ba" anasoma "bea". Nikiandika "baba" anasema "be-a-be-a" halafu ananiuliza ni nini. Nimerudia ubaoni, nimerudia kwa kadi, wakitoka nje kucheza wanarudi hawana kitu.

Kwenye mafunzo kazini mwezeshaji alituonyesha kibao chenye herufi ya msasa, mtoto anaifuatisha kwa kidole huku akitamka sauti. Alituonyesha kimoja, muda ukaisha, tukaenda kula. Nimevutiwa sana lakini maswali yamebaki. Vibao vingapi vinatosha? Naanza na herufi zipi? Kwa watoto 74 inawezekana kweli? Kwetu Juni na Julai ukungu hautoki mpaka saa nne, watoto wanafika vidole vimekauka kwa baridi, watahisi nini? Na wazazi nao, wakifungua daftari wakakuta halina maandishi wanasema mtoto hasomi.

Aliyefanya kwa mikono yake anisaidie. Shikamooni wakubwa.

Fundi_Mafinga

Mwalimu pole na kazi. Mimi ni seremala, sio mwalimu, ila vibao hivyo nimeshatengeneza kwa ajili ya chekechea moja ya hapa mjini, kwa hiyo nizungumzie upande wangu.

Mbao usinunue. Hapa Mafinga paini ya Sao Hill imejaa kwenye viwanda, na mabaki yake yanarundikwa nje yakisubiri kuwa kuni. Omba vipande, hakuna atakayekunyima. Chagua vilivyokauka, kwa sababu paini mbichi inapinda, na utomvu wake unaisukuma gundi juu. Fundi yeyote atakupigia randa na kukata sentimita 12 kwa 15 hivi. Kona zote zilainishwe.

Msasa: namba ndogo ndio mkali. Namba 60 utamchubua mtoto, 400 hatahisi kitu. Chukua 120 au 150, wa mbao, sio ule mweusi wa maji. Usikate kwa mkasi wa mama watoto, utakufa. Geuza karatasi, chora herufi kwa nyuma, kata kwa kisu cha kukatia karatasi. Na hapo kwenye kuchora kwa nyuma kuwa makini sana: lazima uichore imegeuka, kama inavyoonekana kwenye kioo, ili ukiipindua iwe sawa. Ukichora b ya kawaida kwa nyuma, mbele utapata d.

Gundi nyeupe ya mbao, paka kidogo, bandika, lalia mzigo mzito usiku kucha. Gundi ikizidi inapanda juu ya msasa na kuulainisha, na ukali ukishapotea kibao kimekwisha.

BibiMwalimu_Tukuyu

Marahaba mwanangu, ugonile. Na wewe fundi ndaga fijo, maana hilo la kuchora kwa nyuma linaharibu msasa mwingi wa watu.

Nilifundisha awali na darasa la kwanza wilayani Rungwe mpaka nilipostaafu. Sasa wanaokuja kwangu ni wajukuu na watoto wa majirani, jioni, tunakaa barazani. Nitakuandikia kwa urefu kwa sababu swali lako ndilo lililonikalisha kazini miaka yote ile.

Kuna jambo moja nataka ulishike kabla ya mengine. Kidole kinapotembea juu ya herufi, mdomo utoe sauti wakati huohuo. Sio kwanza kidole halafu sauti, wala mwalimu atamke huku mtoto akipapasa kimya. Nimeingia madarasa yenye vibao vizuri kabisa, vya rangi, watoto wanavipangusa kimya kimya kama wanafuta meza, mwalimu anaridhika kwamba wanajifunza. Hawajifunzi sauti hapo. Mkono unajua njia ya herufi, jicho linajua umbo, sikio linajua sauti, na kila kimoja kimekaa peke yake. Kazi yetu ni kuvikutanisha, na vinakutana pale tu vinapofanya kazi pamoja.

Kwa hiyo nikikaa na mtoto namweka pembeni yangu, sio mbele yangu, ili herufi aione upande ninaoiona mimi. Nafuatisha mimi kwanza, kidole cha shahada na cha kati pamoja, taratibu, nikisema "mmmmm" mpaka kidole kitakapofika mwisho wa m. Kisha yeye. Mkono uwe mwepesi, asikandamize. Anayekandamiza hahisi vizuri, na msasa unamchoma.

Halafu kuna hatua tatu, na hizi sikuzitunga mimi. Zilitoka kwa daktari Mfaransa, Édouard Séguin, aliyefundisha watoto wenye ulemavu wa akili katika karne ya 19, kisha Maria Montessori wa Italia akazichukua. Kwanza unamwambia: "Hii ni mmm. Hii ni aaa." Pili unamwomba: "Nipe mmm. Weka aaa pale dirishani. Ficha mmm nyuma yako." Hapa ndipo pa kukaa sana, cheza naye, mtume huku na huku. Tatu, na tatu tu, ndipo unamwonyesha na kumuuliza: "Hii ni nini?" Walimu wengi tunaruka ya pili. Tunamtajia mara moja, tunamuuliza papo hapo, hajui, tunamwona mzito. Mtoto akikosa kwenye hatua ya tatu usimwambie amekosa. Rudi ya kwanza kesho, bila kelele.

Herufi mbili au tatu kwa wakati mmoja, zisizofanana kwa umbo wala kwa sauti.

Sasa, uanze na zipi. Achana na mpangilio wa alfabeti. Anza na sauti zinazovutika, ambazo mtoto anaweza kuzishikilia mpaka pumzi iishe: irabu zote, kisha m, s, n, l, f, z. Sababu ni hiyo "bea" yako. Sauti ya b haivutiki. Midomo inafunga, inafunguka, imekwisha. Ukijaribu kuivuta lazima utaichomekea irabu, useme "bu" au "be", na mtoto ataiunganisha na irabu hiyohiyo uliyoichomeka. Hana kosa, amesoma alichokisikia. Lakini "mmmm" ukiivuta ukateleza moja kwa moja kwenye "aaaa" bila kukata sauti, "ma" inatoka yenyewe. Weka kibao cha m na cha a vikiwa vimegusana, kidole kitoke kwenye m kiingie kwenye a, sauti isikatike njiani. Siku mtoto anaposikia mdomo wake mwenyewe umesema "ma" bila kuambiwa, uso unabadilika. Nimeuona uso huo kwa watoto wengi na sijauchoka.

Kwa a, i, u, m, s peke yake una mama, mimi, sisi, simu, sumu, simama. Ongeza n na l, unapata lala, lima, sali, nusa, mlima. Watoto wa mashamba ya chai wakisoma "lima" wanajua kabisa umewaambia nini. Baada ya hapo, wakishajua kwamba sauti huungana, ndipo ulete k, t, b, p, d, g, j, nazo uzitamke fupi kadiri unavyoweza. Wimbo wao wa a, be, che, de usiukataze, waimbe wakienda kunawa mikono, ila kwenye kibao majina ya herufi yasiingie kabisa mpaka watakapokuwa wanasoma.

Vibao vingapi? Kiswahili kimetuhurumia. Herufi za peke yake ni 23 tu, kwa kuwa q na x hatuna na c haisimami bila h. Ongeza vibao vya sauti zinazoandikwa kwa herufi mbili: ch, sh, th, dh, gh, ny, ng'. Hivyo vinakuwa 30. Tafadhali, ch iwe kwenye kibao kimoja, usimpe mtoto c halafu h. Ni sauti moja, kibao kimoja, kidole kinapita moja kwa moja.

Paka rangi mbili. Irabu buluu, konsonanti nyekundu, au rangi yoyote mbili ulizopata dukani, mradi usizibadilishe. Kwetu rangi hizo zinafundisha zaidi kuliko kwa Waitaliano wenyewe, kwa sababu karibu kila silabi ya Kiswahili inaishia na irabu. Panga "kalamu" mezani: nyekundu, buluu, nyekundu, buluu, nyekundu, buluu. Mtoto anaona kabisa neno lilivyojengwa. Halafu panga "mbuzi", nyekundu mbili zinakaa pamoja, naye mwenyewe anakuuliza mbona. Hapo ndipo unapomfundisha mb, kwa sababu ameuliza.

Kugusa kusiishie kwenye msasa. Koo nalo liguswe. Kwetu Rungwe mtoto aliyekulia kwenye Kinyakyusa anafika shule akiwa hana z, wala v, wala r, kwa kuwa lugha ya mama yake haina. Anasema "sawadi" na "balua". Wengine wanamcheka, na walimu wengine wanamchapa, jambo linaloniuma mpaka leo. Mwekee vidole vyake kooni. Aseme "ssss", koo limetulia. Aseme "zzzz", koo linatetemeka. Ulimi na meno viko palepale, kilichoongezeka ni ule mtetemo, na anauhisi kwa vidole vyake. Hivyohivyo f na v. Kwa m, n, ny na ng' azibe pua: sauti inakatika ghafla kwa sababu inapitia puani. Watalipenda sana hilo, jiandae kuwaona wanaziba pua hata wakati wa uji. R iache mwishoni, ulimi wa wengine unachelewa, na si kosa la mtu.

Baridi: umeuliza swali zuri ambalo waliokaa Dar hawawezi kukuuliza. Vidole vilivyokufa ganzi havihisi chochote. Usifanye kazi ya vibao asubuhi. Anza siku kwa nyimbo na hadithi, wapate uji, wasuguane viganja, na jua likichomoza ndio uvitoe. Na kama shule ina maji, mikono ioshwe na ikaushwe vizuri, maana mikono ya mafuta inaua msasa haraka.

Hao 74. Hapana, huwezi kukaa na kila mmoja kila siku, na usijaribu, utaumwa. Kaa na sita au wanane kwenye kona ya lugha. Wengine wawe na kazi inayotumia sauti ileile kwa njia isiyokuhitaji. Kundi moja nje kwenye udongo laini, kila mmoja anaandika kwa kidole sauti ya leo na kuitamka. Jingine wawiliwawili, mmoja anaandika herufi mgongoni kwa mwenzake, mwenzake anasema ni sauti gani. Mchezo huo hauna gharama hata senti moja, na nauamini kuliko kadi yoyote ya dukani, kwa sababu mtoto anayeandikiwa mgongoni hana jicho la kumsaidia, lazima ahisi. Jingine wapewe udongo wa mfinyanzi, wafinyange herufi. Huku kwetu tunaagizia kwa akina mama wafinyanzi wa Ikombe, ng'ambo ya Matema, udongo wao unashika. Nyie chukueni wa bondeni. Maharage na njugu za kupangia herufi siwashauri kwa wadogo, zinaingia puani.

Trei la mchanga ni zuri pia, lakini usilifanye badala ya msasa. Kwenye mchanga mtoto anazalisha herufi kutoka kichwani, kwenye msasa njia ipo na inamwongoza. Msasa kwanza, mchanga baadaye.

Wazazi na daftari: waite siku moja. Mtoto wa mtu amsomee mama yake "simama" kwa vibao, mbele yake. Ukiwaeleza kwa maneno hutawashawishi, ila wakisikia wataelewa. Montessori alifungua shule yake, aliyoiita Nyumba ya Watoto, mtaa wa San Lorenzo, Roma, Januari 1907, kwa watoto wa maskini ambao wazazi wao wengi hawakujua kusoma. Wazazi ndio waliomwomba awafundishe watoto kusoma na kuandika. Alitaka herufi za mbao, hakupata wa kumtengenezea, akakata za karatasi na za msasa. Kabla ya mwaka kuisha watoto walikuwa wanaandika maneno kwa chaki, na kuandika kulikuja kabla ya kusoma. Kwa hiyo usiogope kwamba mtoto ataanza kuandika "mama" kwenye vumbi kabla hajaweza kusoma ubao. Ndivyo inavyoweza kuja.

DarasaLaKwanza_Makambako

Shikamoo mama. Nimesoma kwa heshima, lakini niseme ninavyoona kwa upande wangu.

Mimi napokea watoto hao wakishatoka awali. Wanaofundishwa sauti mojamoja wengine wanafika kwangu wanasoma "mmm-aaa-mmm-aaa" mpaka mwisho wa neno wamesahau mwanzo. Upimaji wa darasa la pili unataka mtoto asome kwa mfululizo na aelewe alichosoma. Mimi naenda na silabi moja kwa moja, ba be bi bo bu, ma me mi mo mu, na watoto wangu wanasoma. Kiswahili ni lugha ya silabi. Hivi vibao havirefushi safari? Mthibiti ubora wa shule akija anaangalia nimefika wapi kwenye andalio la somo.

BibiMwalimu_Tukuyu

Marahaba mwanangu. Umesema kweli kwa upande mmoja na nakubali: Kiswahili kinasomwa kwa silabi, na mtoto asiyevuka kutoka sauti kwenda silabi amekwama. Ndio maana nimesisitiza kuunganisha tangu herufi mbili za kwanza. Anayefika kwako akivuta "mmm-aaa" hakufundishwa kuteleza. Alifundishwa nusu.

Lakini hesabu nami. Konsonanti 18 za peke yake mara irabu 5 ni silabi 90. Ongeza zile saba za ch, sh na wenzake, silabi 35. Hizo ni 125, na hapo hatujagusa mba, nda, nja, nza, kwa, mwa, bwa. Mtoto unayemkaririsha silabi anabeba zote hizo mojamoja. Anayejua sauti anabeba 30 na namna ya kuziunganisha. Mkaririshaji anakwenda vizuri mpaka afike "mbwa", au mpaka umpe imla ya neno ambalo halikuwa kwenye chati. Wewe unafundisha darasa la kwanza, angalia imla zako. Anayeandika "mbua" akikusudia "mbwa", au anayeruka n kwenye "nzige", mara nyingi ana silabi kichwani ila hana sauti zilizomo ndani yake.

Na hili la kugusa limepimwa. Mwaka 2004 watafiti wa Ufaransa, Florence Bara, Édouard Gentaz na wenzao, walichapisha kazi yao na watoto wa chekechea. Makundi yote yalifanya mazoezi ya sauti na herufi, ila jingine lilizitazama tu na jingine lilizitazama na kuzipapasa kwa vidole. Kutambua herufi hakukutofautiana sana. Kilichotofautiana ni kusoma maneno ya kubuni ambayo mtoto hajawahi kuyaona, na hapo waliopapasa walikwenda mbele zaidi. Kwa mwalimu wa darasa la kwanza hiyo ndiyo habari, kwa kuwa neno jipya ndilo linaloonyesha kama mtoto anasoma au anakumbuka.

Andalio lako halina ugomvi na hilo. Ba be bi bo bu ibaki, ila wiki ya kwanza ya kila konsonanti mtoto aiguse, aitamke, aiteleze kwenye irabu tano kwa mkono wake. Akishasoma "babu" bila kusimama, ondoa vibao kabisa, havina kazi tena kwake. Kumng'ang'aniza mtoto anayesoma kufuatisha msasa ni kumrudisha nyuma.

MamaWawili_Uyole

Shikamoo bibi, samahani naingilia. Mwanangu ana miaka mitano, anasoma shule ya Kiingereza hapa Mbeya. Nikimwandikia neno la Kiswahili, e anaisoma "i", na i anaisoma "ai". "Meli" anasoma "milai". Nimpe vibao vya Kiswahili au nitamchanganya zaidi?

BibiMwalimu_Tukuyu

Marahaba mama. Mpe. Hajachanganyikiwa, anatumia majina ya herufi ya Kiingereza mahali pa sauti za Kiswahili. Ni shida ileile ya "be-a-be-a" iliyovaa nguo nyingine.

Irabu zetu tano zina sauti moja moja, a ni a popote utakapoikuta. Kiingereza hakiko hivyo, herufi moja ina sauti nyingi. Mtoto akishika kwanza lugha ambayo herufi inatimiza ahadi yake, anaelewa kusoma ni kitu gani, na hilo analipeleka kwenye lugha yoyote. Mfanyie irabu tano tu za msasa, na e na i usizitoe siku moja. Wewe mwenyewe ukiwa na vibao sema Kiswahili tupu, sehemu moja ya nyumba, muda mmoja wa siku. Kazi za shule afanyie mahali pengine. Watoto wanatenganisha lugha kwa mahali na kwa mtu kuliko tunavyodhani, wa kwetu wanazungumza Kinyakyusa na bibi na Kiswahili sokoni bila kuchanganya. Usimsahihishe kwa kumwambia "shuleni wamekudanganya". Mwambie tu: "Kwa Kiswahili hii inasema eee," na kidole kiende.

MwalimuAwali_Mufindi

Bibi, Mungu akuzidishie. Nimenakili yote kwenye daftari langu. Fundi, nitakuja Mafinga Jumamosi nione hayo mabaki, naomba unikatie 30 za kwanza, nyingine nitafanya za gundi na mchanga uliochekechwa juu ya maboksi.

Mawili yamebaki. Nina watoto wanaotumia mkono wa kushoto, na bibi zao wameniagiza niwabadilishe. Na b na d, kila mwaka zinanisumbua.

Fundi_Mafinga

Karibu mwalimu. Njoo mapema kabla ya saa nne, baadaye magari ya mbao yanapakia na huwezi kuchagua kitu. Ya mchanga kwenye maboksi: gundi ikikauka kung'uta sana, la sivyo punje zinabaki legelege na mtoto anazipeleka machoni.

BibiMwalimu_Tukuyu

Mkono wa kushoto uache. Waambie bibi zao kwa heshima kwamba kula na kusalimia mtoto atafundishwa mkono wa kulia nyumbani kama desturi inavyotaka, lakini kwenye herufi mkono wenye akili ya kuandika ndio utumike. Ukimhamisha, unapoteza hilihili tunalolitafuta, kwa sababu mkono mwingine utakuwa unajifunza kutembea wakati sikio linajifunza sauti. Herufi anaifuatisha kwa mwelekeo uleule wa wenzake. Sogeza tu kibao kidogo upande wake wa kushoto ili mkono usizibe anachokifanya. Na mkalishe mwisho wa benchi wa upande huo, asigongane kiwiko na jirani.

B na d kwa jicho ni umbo moja lililogeuka, ndiyo maana chati ya ukutani haijawahi kumsaidia mtoto yeyote kuzitenganisha. Kwa mkono ni safari mbili tofauti kabisa. B inaanza na fimbo: kidole kinashuka kutoka juu, kinapanda, ndipo kinazunguka tumbo. D inaanza na tumbo: kidole kinazunguka kwanza kama kinaandika a, kisha kinapanda juu na kushuka na fimbo. Fundi akuwekee nukta ndogo ya rangi mahali pa kuanzia kwenye kila kibao, na kwenye hizi mbili nukta iwe kubwa kidogo. Fundisha b mapema kidogo, iache ikomae wiki kadhaa kwa baba, bibi, babu, ndipo ulete d, na uilete pamoja na a ambayo wanaijua, kwa kuwa zinaanza njia moja. Usiziweke b na d mezani pamoja mpaka kila moja iwe imeshazoeleka mkononi. Atakayezichanganya baadaye akiwa anaandika, usimwambie "hiyo imegeuka". Mwambie afumbe macho, aiandike hewani kwa mkono mzima huku akitamka, kisha aendelee.

Na mwanangu, kundi la kwanza la kona ya lugha lisiwe la wale wepesi. Chukua wale wanaokutazama tu.